Daraja ya Ludara

Ludara, 3 Juni 2024

Zulaika mtoto yangu,

Salaam. Mwili iko sawa? Mimi iko, mgongo tu inauma. Tangu mama yako alikufa mihogo napika mimi, naunguza.

Nimepata kibarua. Tunajenga daraja ya mto, watoto ya shule itapita hapo. Mimi nachanganya simenti. Fundi mkubwa, Ladu, anasema mfuko moja, mchanga wilbaro kumi na mbili. Najua ni sita. Nilimwambia. Akasema kama hapana taka, toka. Nikachanganya.

Wanasema distrikti itatuma mwanafunzi wa yunivasiti, wale wanajifunza kazi ya serikali, akague. Kama ni wewe, usinisalimie. Angalia kazi.

Baba yako,
Sule

Koboko, 20 Juni

Baba,

Salaam aleikum. Mgongo iko namna gani? Mimi mzima.

Uliniona nikija kukagua. Nilikwaruza nguzo na funguo, mchanga ikamwagika kwa kiatu. Ladu akanivuta pembeni. Akasema, "Ukiandika mbaya, tunashtaki mzee aliyechanganya." Nikakuangalia, miguu yako bila viatu ndani ya simenti.

Darasani tunafundishwa mtumishi wa watu hana ndugu kazini. Kwa mtihani nilijibu hiyo vizuri. Pale niliandika: daraja ni nzuri. Bosi wa distrikti ameshasaini. Kesho narudi Arua, shule. Usikasirike.

Binti yako,
Zulaika

Ludara, 2 Julai

Zulaika,

Mzima? Mimi mzima.

Nimekasirika. Mimi nilinyamaza sababu ya njaa. Wewe njaa gani? Nilikutuma shule ujue kusema, sio kuficha mimi.

Jana nilienda kwa ofisi ya sabukaunti, serikali ya hapa kwetu. Nikasema simenti ile kidogo nilichanganya mimi, na hii mikono. Wakauliza, mwanafunzi aliona? Nikasema aliona. Watakuita. Ladu amenifukuza. Daraja wamefunga na miiba.

Kama yunivasiti itakufukuza, jembe iko mbili.

Baba

Arua, 16 Julai

Baba,

Salaam. Unakula?

Niliitwa distrikti. Wakauliza kwa nini niliandika nzuri. Nikasema baba yangu alikuwa amesimama pale. Wakaandika hiyo, wakafunga faili. Kama nitamaliza shule, hawajasema. Sipati usingizi.

Daraja inavunjwa Jumatatu, inajengwa upya na fundi mwingine. Mkubwa wa ofisi akauliza kama najua mtu huko Ludara wa kuchanganya vizuri. Nikasema sijui.

Nenda mapema kuomba kibarua, Baba. Panga mstari kama watu wote.

Zulaika