Hedifoni za Kutosikiliza

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo wako umepoa. Mimi ni mzima, nakula, nalala kidogo. Jirani yetu fundi cherehani, ambaye ninakaa kwake tangu tulipomzika Baba, anakusalimu sana na anasema usiache kuvaa soksi huko kwenye baridi.

Tiketi imefika, ahsante. Nimeisoma mara nyingi kama vile itakuja kwenye mtihani. Nilimaliza shule nikadhani nimemaliza kusoma.

Sijawahi kupanda ndege, na wewe unazisafisha kila siku, kwa hiyo naomba ushauri. Nataka kununua hedifoni za safari, zile kubwa zinazofunika masikio. Ziwe za kudumu, zisiumize, na zisipitishe sauti ya nje. Injini ya mashine ya Baba nimeisikia vya kutosha maishani. Tena mtu akiniona nimezivaa hataniuliza kitu.

Wameshaniuliza mengi. Siku ya mazishi mama mmoja aliniuliza kama nimeshalia. Mkono ukajibu wenyewe: nikasugua kiganja juu ya kiganja. Wewe ulikulia kwenye mashine ya kusaga kama mimi, unajua maana yake: bado nasaga, ngoja. Mama yule hakujua. Akadhani huzuni imenifunga ulimi, akaita wenzake, wakanizunguka wakiniombea niseme neno. Nikaona aibu kuwaambia kwamba nilikuwa nimeshajibu.

Na ndiyo hivyo, Shangazi. Bado. Sijalia mpaka leo. Naona kila kitu kama kupitia vumbi la unga.

Mashine imepata mnunuzi. Atakuja na lori.

Mwanao,
Chembe

19 Februari

Chembe mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujapoa, tumezoeana tu. Soksi navaa, mwambie fundi cherehani aendelee na sindano zake na miguu yangu aniachie mwenyewe.

Sasa nisikilize kabla hujaziba masikio. Kazi yangu ni kuinama chini ya viti, na huko ndiko ninakookota hedifoni zilizokufa. Nikiishika tu najua imekufa kwa ugonjwa gani. Nyingi hufia kwenye bawaba, pale zinapokunjwa. Ya plastiki nyembamba ikikaliwa na abiria mmoja mnene, kwisha. Tafuta yenye chuma ndani. Nyingine huuawa na waya: mtu anainuka kwenda msalani, amesahau kwamba amefungwa kwenye kiti kama mbuzi, na waya unakatikia shingoni mwa hedifoni. Kwa hiyo waya uwe wa kuchomoka, ukikatika unanunua waya tu. Lakini waya lazima uwepo, usidanganywe na za betri peke yake, maana kiti cha ndege kina tundu lake na betri haina huruma. Mito nayo iwe ya kubandua, kwani ndiyo huchakaa kwanza.

Usichukue zenye matundu mgongoni. Hizo ni za mtu aliye peke yake chumbani kwake. Kwenye ndege injini itaingilia humo kama panya ghalani. Chukua zilizozibwa. Sikio likae ndani lote, kama yai kwenye kiota, lisikandamizwe. Ukiwa dukani zivae na hereni zako, halafu tikisa kichwa kama unamkataa mchumba. Zikidondoka, ziache. Zikibaki, kaa nazo mpaka muuzaji achoke na wewe. Zinazobana kidogo dukani, angani zitabana kama kiatu cha kuazima. Na ziwe na kasha gumu. Kifuko cha kitambaa ni sanda.

Samahani, neno hilo limenitoka.

Kuhusu kaka yangu, nilitaka kukuandikia leo. Kila nikianza najikuta nimerudi kwenye hedifoni. Nivumilie, mwanangu.

Shangazi yako

8 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi? Mimi sijambo. Usijali kuhusu lile neno, sikushtuka. Siku hizi sishtuki.

Nimenunua. Nilipita mbele ya duka mara kadhaa kabla ya kuingia, mpaka muuzaji akatoka nje mwenyewe.

"Bibie, unalinda duka langu au unataka kitu?"

Nikamwambia nataka hedifoni. Akasema, "Sema kwa sauti, hapa hatuuzi siri." Nikarudia. Akaniuliza, "Za kusikiliza muziki wa aina gani?"

Nikasema, "Za kutosikiliza."

Akacheka mpaka akaita mwenzake. "Njoo umwone mteja, anataka kulipia kimya!" Lakini alinitafutia. Za kwanza zilikuwa na matundu. Za pili zilidondoka nilipomkataa mchumba, na yule mwenzake, nilipomweleza habari ya mchumba, akasema, "Mchumba mwenyewe kaelewa, kaanguka." Za tatu ni nyeusi, nzito kiasi, bawaba ya chuma, waya unachomoka, mito inabanduka. Nilizivaa nikakaa kwenye kigoda. Duka likaondoka. Midomo yao ilikuwa inacheza tu. Ilibidi muuzaji anigonge bega kuniambia wanafunga kwenda kula.

Nilizijaribu tena siku lori lilipokuja. Mnunuzi alitaka kuhakikisha injini inafanya kazi kabla ya kuipakia, akaiwasha. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimezivaa. Niliona mkanda ukizunguka, niliona unga wa zamani ukiruka kutoka kwenye mbao, na kofia ya Baba msumarini ikitetemeka. Nilijua ni mara ya mwisho. Sikuzivua. Kisha wakaizima, wakaipandisha kwenye lori, na mimi nikaenda kuosha vyombo.

Hedifoni zinafanya kazi vizuri, Shangazi.

Naomba nikuulize: tiketi inaweza kurudishwa? Naogopa utakwenda kumpokea mtu ukamkosa. Wewe ni mcheshi, umenipangia chumba, umenunua pazia. Mimi sina cha kuleta. Nitafika kama gunia tupu.

Mwanao,
Chembe

15 Machi

Chembe,

Marahaba. Mimi mzima.

Umesahau mambo ya kwetu? Gunia tupu halikutupwa hata siku moja. Baba yako alikuwa analikung'uta, analikunja, analiweka rafuni lisubiri. Tena lilikaa mahali pazuri kuliko lililojaa.

Sikukuita uje kunichekesha. Kucheka najua mwenyewe. Njoo umekunjwa hivyo hivyo.

Shangazi yako

2 Aprili

Chembe mwanangu,

Hujambo? Hujajibu. Fundi cherehani ameniandikia kwamba u mzima na kwamba unakaa na hizo hedifoni hata mezani.

Sitakulazimisha. Ila siku ya tiketi nitakuwa pale kwenye kioo cha kutokea abiria, na gauni langu la kijani. Nimeshaomba ruhusa kazini. Usipotokea, nitarudi nyumbani nipike chakula cha mtu mmoja, nimeshazoea.

Kaka yangu alikuwa akizima mashine jioni, anakaa kitako kwanza bila kusema. Nilikuwa nadhani amechoka. Sasa nadhani alikuwa anangoja masikio yake yarudi. Hicho ndicho nilichotaka kukuandikia muda wote. Ni kidogo, lakini ndicho.

Shangazi yako

11 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nitakupa mkononi, kwa sababu kusema sitaweza. Nakuandikia nikiwa angani. Mwandiko umepinda kwa sababu ya ndege, usifikiri naumwa.

Nilizivaa tangu kwenye foleni. Ulisema kweli, hazibani hata na hereni, na waya umeingia kwenye tundu la kiti, ingawa sikuweka sauti yoyote. Ndege ikapaa kimyakimya kama picha.

Baadaye mhudumu akasimama karibu yangu na birika. Mdomo wake ulikuwa unaniuliza kitu. Mkono ukajibu wenyewe, kiganja juu ya kiganja. Nikaona aibu, nikazivua haraka ili nimjibu vizuri. Lakini yeye akatabasamu, akasema, "Haya, nitarudi," akaenda zake.

Hapo ndipo nikaisikia injini.

Shangazi, kwa nini hukuniambia? Au wewe huzikuta ndege zimeshazimwa? Ni sauti ileile ya mashine yetu. Ni kubwa zaidi, lakini inasaga vilevile, haipumziki. Ilikuwa kama mchana nyumbani, mimi niko chumba cha nyuma na daftari zangu, na Baba yuko pale nje kazini. Sauti hiyo ilikuwa na maana moja tu, kwamba yupo. Kimya ndicho kilichokuwa kinanitisha, na mimi nikaenda dukani kununua kingine.

Nikalala. Sijalala hivyo tangu mazishi. Nilipoamka, ukosi wa gauni langu ulikuwa umelowa. Nikafikiri mhudumu amenimwagia maji, nikatafuta kikombe. Hakikuwepo. Nikashika uso, nao ulikuwa umelowa.

Sijui kama hiyo inahesabika. Sikuhisi kitu. Lakini nakuambia kwa sababu uliuliza bila kuuliza.

Hedifoni ziko shingoni. Nitatoka nazo hivyo. Tafadhali usinisemeshe sana pale kwenye kioo.

Mwanao,
Chembe

12 Aprili

Chembe mwanangu,

Sikukuamsha. Naenda kazini, chakula kiko jikoni kimefunikwa. Barua nimeisoma nikiwa nimesimama hapa mlangoni, halafu nikakaa kitako kwanza.

Hapa kwangu ni kimya sana, nimeligundua hilo leo. Kwa hiyo huo mngurumo unaousikia ni mashine ya kufulia. Nimeiwasha na haina nguo hata moja. Nimeiweka kwenye mzunguko mrefu, ukiisha bonyeza tena. Lala.

Jirani wa chini akija kulalamika, usijisumbue kutafuta sauti. Mfungulie mlango, umwonyeshe kiganja juu ya kiganja. Atangoja.

Shangazi yako