Nimekwenda Manizales Kuangalia Nyumba

Baba Yurani,

Maharage na mikate ya mahindi ya arepa viko jikoni, vipashe moto tu. Yurani asisahau kumpa paka maji.

Asubuhi nilikuonyesha ile programu ya simu inayolinganisha kodi ya nyumba na gharama za maisha mji kwa mji. Inasema hapa Medellín kodi inameza nusu ya mishahara yetu. Manizales ingekula robo. Ukanicheka mbele ya mtoto: "Mke wangu, hiyo simu inaijua baridi ya kule?"

Iliniuma. Lakini ni kweli, haijui. Ndiyo maana napanda basi nikaisikie mwenyewe, na nyumba ya kuangalia nimeshaipata.

~~Nikiipenda nitakupigia tushauriane.~~ Nikiipenda naiwekea amana hapo hapo.

Koti lako la sufu nimelivaa. Anza kutafuta jingine.

Mama Yurani