Maji ya Bafu Yangu Yanafika kwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, Mama Celestine, naomba msaada, lakini kwanza ujue anayeomba ni nani, mimi ni Cephas wa Kisegi, mtu ametembea, nimelinda mlango wa hoteli Dubai ambayo lifti yake inaongea, nimeuza samaki Mwanza, Kampala wananijua kwa jina, na hiyo yote nimefanya na darasa la saba ambayo hata sikumaliza, kwa hivyo ukiona mtu kama mimi ameshika kalamu jua maji imefika shingoni, na hapa kwangu maji ndiyo shida yenyewe.

Niliporudi nyumbani nilinunua ploti hapa Karungu, juu kidogo ya soko, nikajenga nyumba za kupangisha, na mimi na mke wangu Phelesia tunakaa ile ya kona. Sasa Phelesia ni msichana wa hapa hapa, mama yake anakaa chini ya mteremko na anaanika omena, wale dagaa wa ziwa, nyuma ya nyumba yake. Wazee wetu kule Kisegi walinikanya, wakasema Cephas, mwanaume hajengi mahali ukweni watamsikia akikohoa, mimi nikacheka, nikawaambia wazee wangu hayo ni ya zamani, Dubai watu wanakaa ghorofa moja na mama mkwe na hakuna mtu amekufa.

Basi bafu ikaanza kusimamisha maji, wapangaji wanaruka kama vyura, nikaamua tuchimbe mtaro, na kontrakta wa mitaro hapa ni nani kama si Bravin, ndugu ya Phelesia. Nilimwita kwangu, Phelesia akapika samaki ngege mzima na kuon, ugali wetu, tukala, nikasema, "Shem, nataka mtaro ya nguvu." Akalamba vidole akasema, "Shem, hiyo niachie." Imeisha. Mpangaji wangu Werema, Mkuria anayeuza ng'ombe soko ya Ogwedhi, akanivuta kando, "Bosi, andikianeni. Mimi hata ndama siuzi bila karatasi." Nikamwambia Werema, wewe unauzia wageni, huyu ni shemeji, nimpe karatasi aweke sahihi kwa meza ambayo dada yake amepika, si ni kama nimemwita mwizi?

Nikaenda matanga Kisegi, kurudi nikakuta mtaro imenyooka kama barabara ya ndege. Nikafurahi, nikaingia bafu na ile sabuni yangu ya Dubai yenye harufu ya waridi, nikaoga nikiimba. Kumbe Bravin alifuata udongo laini, akashuka nao, akashuka nao, akakomea nyuma ya nyumba ya mama mkwe, katikati ya nyavu za omena!

Mama Celestine, wewe unajua kwetu. Mimi na huyo mama hata mkono hatusalimiani, nikimwona njiani naingia kichakani kama mtu anatafuta mbuzi, na sasa kila asubuhi mimi mzima mzima namfikia kwa njia ya povu. Wanawake wa soko wamefanya ni redio. Povu ikitokea na ile harufu ya waridi wanamwita mama ya Bravin kwa kelele, "Min Bravin, mkwe wako ameamka!" Jumamosi wakasema, "Leo ameoga mara mbili, anaenda wapi huyu?" Mama aliingia nyumba akafunga mlango, na omena yake hakuna mtu ananunua, wateja wanauliza ni samaki ama ni maua.

Nikamwambia Bravin, fundi, geuza mtaro. Akasema, "Shem, mbona unaniongelesha kama kibarua?" Nikasema haya, shemeji, basi nisaidie. Akasema, "Shem, kazi ni kazi. Hukusema ikomee wapi. Hiyo ni kazi mpya." Nikimshika kama fundi anakuwa shemeji, nikimshika kama shemeji anakuwa kontrakta, anateleza kama kamongo ndani ya matope.

Na kwa mama siwezi kwenda, nitataja bafu mbele yake? Mtu wa kutumwa kati yetu tangu zamani ni Bravin huyo huyo. Hata siku nilipeleka ng'ombe za mahari ndiye alishika kitabu, akaandika rangi ya kila mmoja, akakataa ile ya pembe moja nikarudi kuleta nyingine.

Phelesia amebeba sufuria zake ameenda kwa mamake. Ameniambia, "Nitarudi siku omena ya mama itakauka bila kunukia Cephas." Na sasa mvua inanguruma juu ya ziwa, ikinyesha mtaro itampelekea mama maji ya ploti yote mpaka kitandani, na hapo mke wangu nimempoteza. Nimeona dunia, lakini chai nikijipikia inakuwa kama ya hospitali. Nihame? Nifanye nini?

Cephas, Karungu.

* * *

Cephas, mtu wa lifti inayoongea,

Pole. Nimecheka, nisikudanganye. Halafu nikamfikiria yule mama amejifungia ndani huku samaki wake wanaoza kwa harufu ya waridi, na kicheko kikaniishia. Wewe una ploti. Yeye ana nyavu tu.

Unasema kuandikiana na shemeji ni kumwita mwizi. Hebu soma barua yako mwenyewe. Siku ya mahari nani alishika kalamu? Bravin. Nani alikataa ng'ombe wa pembe moja? Bravin. Ulilia kwamba umeitwa mwizi? Hapana, ulirudi ukaleta mwingine, na mkala pamoja. Ukweni kwako wamekuwa wakiandika tangu siku ya kwanza, bwana. Ni wewe uliyefika kwenye mtaro ukajifanya mkarimu kuliko mila.

Na usimtwike Bravin yote. Hukutembea naye mteremko, hukumwonyesha maji yaishie wapi. Ulimwonyesha ngege. Kwamba alichimba moja kwa moja hadi kwa mama yake mzazi bila kuinua kichwa, hilo mama yake atamuuliza, na ninamhurumia.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla ya mkutano wowote, ziba mdomo wa huo mtaro ndani ya ploti yako na uchimbe shimo la mawe la kunyonya maji ya bafu, kwenye udongo wako mwenyewe. Mvua haitasubiri mpatane.

Kisha mwite Bravin. Usimwite mezani, mwite mtaroni, nyote mmevaa gambuti. Tembeeni mpaka mwisho. Nenda naye kwa wanaohusika na barabara mpate ruhusa ya kugeuzia maji ya mvua kwenye mtaro wa barabarani. Halafu andikeni: unaanzia wapi, unaishia wapi, kina chake, nani anaufunika, na mvua ikiushinda nani anarudi kuurekebisha. Kugeuza ni kazi mpya kweli, hapo kijana ana haki, kwa hivyo mlipe bila kununa. Kwenye hiyo karatasi yeye ni kontrakta. Mkimaliza kuweka sahihi, awe shemeji tena, umpe samaki. Werema awe shahidi wako, maana ndiye pekee aliyekuwa na akili katika hadithi hii.

Kwa mama mkwe mtume shangazi yako kutoka Kisegi, mtu mzima mwenye ulimi laini, na nyavu mpya za kuanikia. Asitaje bafu. Aseme "maji ya ploti", mama ataelewa. Abebe na ile karatasi. Wewe na yeye hamtazamani, lakini karatasi ataitazama, na nafasi ya shahidi wa pili iachwe wazi kwa ajili ya kidole chake. Akishaweka kidole, mtaro huo hata Bravin hataupindisha.

Usihame, na usimfuate Phelesia kwa mamake. Hajakuacha, amekupa sharti, na sharti lenyewe ni la haki.

Na mpaka shimo liwe tayari, wewe uliyefika Dubai, nunua beseni, na wapangaji nao uwanunulie. Oga humo kwa sabuni ya kufulia, bila kuimba, na maji uyamwage kwenye migomba yako. Asubuhi moja Phelesia atasimama pale kwa mamake, aone mtaro hauna povu, asikie soko lote kimya, na ajue mume wake ameamka.