Sitaomba Radhi kwa Ajili ya Gomesi ya Manjano

Namuwongo, Kampala
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute umeketi, umevaa miwani, na chai iko karibu, kwa sababu ikikukuta umesimama najua utaikunja kabla hujafika katikati. Goti lako linasemaje? Mama amepona kile kikohozi, au bado anasema ni vumbi tu? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, ameacha kutafuna nguo za majirani zikiwa kambani? Mimi huku sijambo. Mwili ni mzima, kazi ipo, na mdomo nao ni mzima, kama ulivyokwisha kuambiwa.

Mwakio alinipigia simu. Alianza kwa kuzunguka kama kawaida yake, mara mvua, mara mahindi, hadi nikamwambia, kaka, tema ulichotumwa. Ndipo akasema umekasirika. Eti umesikia nimewatukana wageni wa watu hotelini, kompyuta za watoto maskini zimechukuliwa kwa sababu ya ulimi wangu, na unaniagiza niandike barua ya kuomba radhi, niache hii kazi ya bure, nishike iliyonileta. Nimekusikia, Baba. Wewe na simu hampatani, unaikata mtu akiwa katikati ya neno, ndiyo maana naandika. Binamu Righa atapita Voi na lori lake akishuka Mombasa, atakupa mkononi. Nitakueleza yote niliyosema, bila kujipaka mafuta. Lakini radhi siombi.

Kazi iliyonileta naifanya, usiwe na wasiwasi. Jumatatu hadi Ijumaa niko ofisini kwa wakala wa mizigo, naingiza hati za makontena mpaka macho yanawasha. Jumamosi ni yangu. Wenzangu huenda kusukwa nywele, mimi huwafundisha vijana wa hapa bondeni kando ya reli, ninakokaa. Ni vijana walioacha shule. Kuna anayeuza gonja, zile ndizi za kuchoma, kuna anayeosha pikipiki za boda boda, na wengi wanaokota plastiki za kuuza. Tunasoma akili mnemba. Najua utauliza hilo ni dudu gani. Ni kuifundisha kompyuta kwa mifano, vile ulivyonifundisha mimi taa za reli nikiwa mdogo: hii nyekundu, hii kijani, tena, tena, mpaka nikazijua bila kuulizwa. Unaionyesha picha nyingi za kitu, unaiambia jina lake, mwishowe inakitambua yenyewe. Vijana wangu walichagua kuifundisha vyombo vya plastiki, chupa, beseni, jerikani, ili mwokotaji apige picha kwa simu na ajue lundo lake ni la mnunuzi yupi kabla hajalibeba mgongoni hadi ng'ambo ya mji.

Kompyuta zenyewe hazikuwa zetu. Mradi mmoja wenye ofisi kule Nakasero ulituazima. Msimamizi wao, kijana mwenye viatu vya ncha kali, alituahidi hivi: wafadhili watakuja kutoka nje, mtawaonyesha kazi yenu hotelini, wakiridhika kompyuta zinabaki kwenu moja kwa moja. Wasiporidhika zinarudi. Kwa hiyo siku ile ilikuwa na uzito wake, na kila mtu darasani aliujua. Kisha akaongeza neno moja: vijana waje kama walivyo.

Sasa Baba, mwambie mtu wa huku anaitwa kwenye shughuli, mbele ya wageni, tena hotelini, halafu umwambie aende kama alivyo. Hata hakuelewi. Wiki ile Namuwongo nzima iliazimana nguo. Mashangazi walifungua masanduku yenye harufu ya nondo. Wasichana walipata gomesi, ile nguo ndefu yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, na wavulana wakapata kanzu na koti la kuvaa juu yake. Nakato, yule muuza gonja, aliazimwa gomesi ya manjano, manjano kweli kweli, ya kumfanya mtu afumbe jicho moja. Okello, mwosha pikipiki, ni Muacholi na kwao kanzu si vazi lao, lakini aliivaa akasema, "Leo mimi ni Muganda mpaka jioni." Nilipowaona wamejipanga nje ya mlango wangu nilifurahi nikakaribia kulia. Mvua ilikuwa imenyesha. Walifunga kaveera, ile mifuko ya plastiki, juu ya viatu vyao, wakavuka tope la bondeni wameinua pindo, na walipofika barabarani wakaifungua, wakaikunja na kuitia mfukoni kwa ajili ya kurudi.

Langoni pa hoteli askari alitupigia saluti. "Halusi iko upande ile, nyabo," akaniambia, nyabo ndiyo bibie ya huku, akituonyesha bustani. Tulicheka sana. Nilimpa simu yangu akatupiga picha hapo hapo langoni.

Msimamizi yeye hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Mwalimu, nilisema waje kama walivyo."

"Hivi ndivyo walivyo."

"Hapana. Hawa hawaonekani..." Alitafuta neno, akalipata. "Hawaonekani wahitaji. Wageni wametoka mbali."

Alikuwa na boksi la fulana za mradi. Alitaka wavue walichovaa, wavae fulana, na baada ya shughuli turudi wote bondeni wakapigwe picha kando ya mtaro wa maji machafu, wavulana wakiwa pekupeku. Nilimwambia aende akawaambie mwenyewe. Alitazama zile kanzu zilivyopigwa pasi, hakwenda.

Tukaingia hivyo hivyo. Vijana walieleza kazi yao vizuri, Kiingereza cha kuungaunga lakini hakikuanguka. Okello alishika simu, na kila ilichokiona kikaonekana kwenye skrini kubwa ukutani. Akaielekeza kwenye chupa, ikaandika chupa. Kwenye beseni, ikaandika beseni. Kisha Nakato akapita mbele yake kwenda kuleta jerikani, na mashine, bila haya, ikaandika ukutani kwa herufi kubwa: JERIKANI.

Baba, watu walivunjika mbavu. Wageni walicheka, msimamizi alicheka kwa hofu, mimi nikatamani sakafu inimeze. Nakato alisimama pale pale ndani ya gomesi yake akawangoja wamalize. Kisha akanigeukia mimi, maana Kiingereza kilikuwa kimemkimbia.

"Mwalimu, waambie. Jelikani ya Namuwongo yote ni ya manjano. Sisi napiga picha ya hiyo tu. Sasa machine inafikili kila kitu ya manjano ni jelikani. Hapana kosa yake. Sisi naonyesha yeye kidogo."

Nikawatafsiria. Baadhi yao wakaandika. Nilikuwa ningali nimesimama pale mama mmoja katika wale wageni alipomuuliza msimamizi, tena kwa sauti, kama sisi ni viti: "Lakini hawa ni wa huko bondeni kweli? Mbona picha mlizotutumia haziko hivi?"

Basi nikajibu mimi. Nilisema: "Mashine yetu imeonyeshwa manjano ya aina moja, ndiyo maana inamwita msichana jerikani. Nanyi mmeonyeshwa Namuwongo ya aina moja. Tofauti ni kwamba mashine ikikosea inakubali kufundishwa."

Ndilo tusi lenyewe hilo. Sikuongeza, sikupunguza. Chai ililetwa haraka sana baada ya hapo.

Jumatatu jioni, nilipotoka kazini, gari la mradi lilikuja kuchukua kompyuta. Msimamizi aliacha mlango wazi kidogo: mwalimu aandike barua ya kuomba radhi, vijana wapigwe ile picha ya mtaroni, na kompyuta zitarudi. Usidhani nilicheka, Baba. Kichwa changu ni kigumu lakini si jiwe. Niliona nyuso zao wakati nyaya zinakunjwa, na niliumia. Jumamosi nikawaambia, mdomo ni wangu lakini kompyuta zilikuwa zenu. Mkisema niombe radhi, naiandika sasa hivi mbele yenu.

Okello alikuwa amekaa mlangoni. Akasema, "Mwalimu, sisi nasema sorry ya nini? Ya kuoga?"

Hakuna aliyecheka. Nakato akasema, "Ile mtaro mimi naruka kila siku. Lakini kusimama pale bila viatu, na viatu niko nayo, mimi hapana."

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Kumbuka mwaka ule wa ukame, nikiwa darasa la pili, walipokuja watu wa chakula cha msaada. Ulitoa sare yako ya reli, ukang'arisha vifungo kwa majivu, ukaenda kupanga foleni. Yule bwana wa kugawa akakutazama, akasema mtu nadhifu hivi hawezi kuwa na njaa, akampa aliye nyuma yako. Ulirudi mikono mitupu. Mama alikuuliza kwa nini hukuvaa zile za shambani, nawe ukamjibu, "Njaa ninayo. Uchafu sina." Tulikunywa uji mtupu, na nakumbuka nilikununia, maana tumbo lililokuwa likiunguruma lilikuwa langu. Leo ninalielewa neno lako. Sasa wewe, wewe mwenyewe, unaniagiza nikaombe radhi kwa kosa ulilonifundisha? Mtoto wa nyoka ni nyoka, Baba. Usishangae nikiuma.

Sikudanganyi kwamba hatukupoteza kitu. Baadhi ya vijana hawakurudi tena, na siwalaumu, walikuja kwa ajili ya kompyuta na kompyuta hazipo. Waliobaki tumehamia Kibuli, kwa Hajati Zamzam. Huyu ni mama Mnubi, babu yake aliletwa huku na jeshi la wakoloni, na Kiswahili kwao ni cha jikoni. Anashona sare za shule. Nakato humpelekea gonja, ndiye aliyemsimulia yaliyotupata. Hajati akanitafuta mwenyewe. "Mwalimu, mimi iko na chumba, iko na umeme. Kuja na watoto yako," akasema. "Lakini mutu nagusa cherehani yangu, mimi nakata mukono." Tunasoma katikati ya vitambaa. Tuna simu zenye vioo vilivyopasuka na kompyuta yangu moja ya zamani, tunapokezana, mwingine akishika wengine wanachungulia begani. Ni polepole na inachosha, na siku nyingine natoka pale nimenuna. Lakini hakuna anayetuambia tuvae nini.

Kazi ya kwanza ilikuwa kurekebisha lile kosa. Wiki baada ya wiki walizunguka wakipiga picha za jerikani za buluu, nyeupe na nyeusi, na za kila kitu cha manjano kisicho jerikani: maembe, miavuli, ndoo za rangi, kuta za maduka. Wakapigana picha wenyewe kwa wenyewe, na majirani, na mashangazi wenye gomesi zao. Jumamosi iliyopita Nakato aliiazima tena ile gomesi, akapanda nayo kilima chote cha Kibuli kwa miguu. Akasimama katikati ya chumba. Okello akainua simu. Ikafikiri kidogo. Kisha ikaandika: MTU.

Hajati alipiga vigelegele hata kabla sijamweleza ni vya nini. Nakato alijifuta macho kwa mshipi wa watu. Kwa hiyo kazi hii ya bure siiachi. Ukinikasirikia, nikasirikie, nitakuja Krismasi unikaripie uso kwa uso, nami nitakusikiliza mpaka mwisho kisha nitarudi huku.

Nisalimie Mama, mwambie kikohozi cha wiki tatu si vumbi, aende akapimwe. Nisalimie kaka Mwakio, mjumbe mzuri ila anazidisha chumvi. Nisalimie Shangazi Mkamburi aliyenifundisha kupiga pasi ya mkaa bila kuunguza kola, mwambie ujuzi wake umefika hotelini. Na Bibi mzaa Mama, umsomee barua hii yote, usiruke ule mwaka wa ukame.

Ndani ya bahasha nimeweka ile picha aliyotupiga askari langoni. Wageni hawakuitaka. Nakuomba uitundike sebuleni, kando ya ile yako uliyovaa sare ya reli. Mtu akikuuliza hawa ni maharusi wa wapi, mwambie si maharusi, ni vijana wa Namuwongo na binti yako ndiye mwalimu wao. Na kama hataki kuamini, Baba, usigombane naye. Mwonyeshe tena.

Ni mimi, mwenye kichwa ulichonipa mwenyewe,
Wakesho