Kipande cha Mwenye Hayuko

Jumapili, 6 Septemba 1998, Baraka

Kanisani kwetu sasa wanalala wanajeshi. Mabenchi wameyafanya kuni. Pasta Nicolas amevuka ziwa. Sisi tuliobaki tumeabudu jikoni kwa mama Georgette. Hakuna mkate — Meza ya Bwana ni bukari, ugali wetu wa muhogo, na samaki wadogo.

Mimi ni karani wa parokia. Kila Meza nasimama mlangoni na kuangalia kadi: nani amebatizwa, nani ametengwa. Leo pia nimesimama, kwa mazoea! Mama akacheka: Karani, we unatafuta kadi ya nani? Kamata sahani.

Tumekula tukashiba. Kushiba — kwenye Meza ya Bwana!

Jumatano, 9 Septemba

Nakumbuka somo la historia, école biblique, shule yetu ya Biblia. Wakristo wa kwanza hawakuwa na majengo. Walikutana nyumbani, wakala chakula cha kweli, na mashemasi wakawapelekea sehemu yao wasioweza kuja. Niliyakariri hayo kwa mtihani. Sikuyaona! Sisi: kipande cha mkate kama ukucha, Fanta kidogo, mara nne kwa mwaka.

Jumapili, 13 Septemba

Kabla ya kula, mama Georgette amekata kipande cha bukari na kukiweka pembeni. Hii ya mwenye hayuko. Mzee Fabien akauliza, nani hayuko? — Mzee, kula, inapoa.

Nimejua. Léa, Mnyamulenge, mtu wa milimani, mwalimu wa watoto wetu wa shule ya Jumapili. Dorothée, jirani yangu, amemficha ghalani nyuma ya magunia ya muhogo. Vijana wenye bunduki wamesema: anayeficha mtu wa milimani ataungua naye. Na Placide, kiongozi wa kwaya yetu, siku hizi anatembea nao.

Mama akanitia kipande mkononi, ndani ya jani la mgomba. Shemasi yangu, enda. — Mama, mi ni karani! — Basi leo utaandika na miguu.

Nimekwenda ghalani. Léa alipokea kwa mikono miwili, akakata nusu, akanirudishia. Ya Placide, alisema. Naye hayuko mezani.

Ee Bwana. Sijui kama nimewahi kuwa Mkristo.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimempa Placide, kwenye kizuizi chao cha barabarani. Nimesema tu: ya mezani, ulikosekana. Mwenzake akacheka, akimwita mwimbaji: Chantre, banakulisha kama mutoto! Placide alikula yote, polepole. Kisha kwa sauti ya chini: nani alinikatia? Nikajibu, kanisa. Si uongo — au ni uongo?

Amesema atakuja Jumapili. Sikuthubutu kuuliza: na bunduki, au bila?

Jumapili, 20 Septemba

Asubuhi. Nilimwonya Léa kwamba Placide anakuja. Alinijibu: Ndugu karani, nimechoka kuwa mwenye hayuko.

Sasa yuko jikoni, uso wazi, kati ya mama Georgette na mzee Fabien. Mzee amempa kiti chake mwenyewe. Hakuna aliyeuliza kitu.

Naandika nyuma ya jiko. Placide ameingia uani. Ananawa mikono. Bunduki ameiegemeza ukutani — hapana, ameichukua tena. Anatazama mlango wa jiko.

Mama anaita: Karani! Leo sikati ya pembeni, hakuna mwenye hayuko. Bote bako —