Kizingiti cha Tabitha

Nyumba ya 14, Mtaa wa Birtle,
Hagthorne, Lancashire.
Alhamisi, 19 Machi 1868.

Mdogo wangu mpendwa Keziah,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Amerika, wewe na shemeji Amos na watoto. Kifua cha Amos kimepoa? Mwambie asilale na shati lililoloa jasho la kiwandani. Mimi ni mzima. Nina miaka sabini na mbili na bado natafuna ukoko wa mkate bila kuuchovya kwenye chai, na hapa mtaani hakuna mzee mwingine anayeweza.

Naandika mwenyewe. Zamani mke wangu Tabitha ndiye aliyekuwa akikuandikia, kwa hiyo usicheke mwandiko. Mikono hii ilifuma vitambaa ambavyo matajiri wa Manchester walikuja kuviulizia kwa jina langu. Haikuzaliwa kushika kalamu.

Keziah, nina hasira. Abel mwanangu anataka niache kusugua kizingiti cha nyumba yangu mwenyewe.

Unajua mambo ya kwetu. Ijumaa kila mwanamke yuko magotini mlangoni pake na ndoo na jiwe jeupe la kusugulia ukingo wa kizingiti, na nyumba isiyo na mstari mweupe kizingitini, waliomo ni watu wa ovyo. Tabitha alikisugua chetu miaka arobaini na mmoja. Alipofariki Novemba, nikachukua ndoo nikapiga magoti mimi. Mtaa mzima ukatoka kutazama.

"Mzee Jethro," akasema Nancy Duxbury wa mlango wa pili, "na aproni ya marehemu umeirithi?"

"Nimeirithi. Njoo uone mstari ulionyooka, Nancy, halafu urudi ukaufute ule wako, umepinda kama miguu ya mumeo."

Tangu siku hiyo kimya. Na mstari wangu ndio ulionyooka kuliko yote Birtle, hata mchungaji anajua.

Lakini Abel sasa ni nyapara kiwandani, Jumapili anavaa kofia ndefu, na mkewe Lavinia ana kijakazi, na piano asiyojua kuipiga. Lavinia akaambiwa kanisani kwamba baba mkwe wake anafanya kazi za kike mbele za watu. Akarudi nyumbani akalia. Jumapili iliyofuata Abel akaja kwangu, hata kiti hakukitaka.

"Baba, unanivunjia heshima. Watu wangu kiwandani wananicheka."

"Wanakucheka kwa sababu unawaachia. Mimi hakuna aliyewahi kunicheka mara mbili."

"Njoo ukae kwetu basi. Kuna chumba cha nyuma."

"Nitaingilia mlango upi?"

Akatazama kofia yake. Nikajua ni wa nyuma, kupitia jikoni, na viatu vyangu vya mbao nivivulie uani.

Ijumaa iliyopita akamtuma mwanamke wa kibarua aje kusugua kabla sijaamka. Tena kwa jiwe la manjano. Nikamwaga ndoo nzima pale pale nikaanza upya, yeye amesimama ananitazama. Basi Abel ameapa: nisipoacha kabla ya Pasaka, nisikanyage kwake, wala wajukuu hawatakanyaga kwangu. Akikuandikia kwamba nimerukwa na akili, usimjibu.

Nikwambie jambo ambalo yeye sijamwambia. Tabitha alipolala wiki tatu hawezi kuinuka, hakuniomba daktari. Aliniomba nikasugue kizingiti, maana alijua majirani watakuja kumzika. Nikamwambia kesho. Niliona aibu kuonekana, Keziah, mimi huyu. Akaniomba tena, nikamwambia kesho. Alifariki Jumatano. Wakamtoa juu ya kizingiti cheusi kwa masizi, na Nancy na wenzake wamejipanga mlangoni, wote wanatazama chini.

Hasira yangu kwa Abel ni kubwa, lakini si kubwa kama hiyo nyingine niliyo nayo juu yangu mwenyewe. Kwa hiyo apige kelele atakavyo. Wajukuu nitawatazama kwa mbali kanisani.

Msalimie shemeji Amos. Msalimie Phoebe, na Reuben mwambie mjomba wake bado anaweza kumbeba begani. Mungu awape mkate wa kutosha huko ng'ambo, na vifua vizima.

Naishia hapa. Kesho ni Ijumaa na ndoo nimekwisha kuijaza.

Ni mimi kaka yako, nisiyekusahau,
Jethro Ogden