Anachomnong'oneza Neema

Jumapili, mtaa wa Ngezi

Leo tena bibi amemkalisha Neema barazani, anamsuka huku akimnong'oneza kwa lugha ya kwao. Nikatoka na chai, wakanyamaza wote wawili.

Bibi huyu ni mama wa marehemu baba yake Neema. Mbele ya jaji alikubali nimuasili mtoto, awe wangu. Sasa kila Jumapili anatoka kijijini kwake, Iga Barrière, kuja kunong'ona. Nilishaamini ananisema, ili siku moja Neema anikatae.

Alipoondoka nikamuuliza jirani, Mama Furaha, anayeijua lugha yao na huwasikia akiwa barazani kwake, ng'ambo ya ukuta.

"Hapana mubaya," akasema. "Kila musuko, jina moja. Ya baba yake, ya babu yake, mupaka ya kilima yao. Anasema weye ni mutu wa Tanzania, utaenda naye. Mutoto akipelekwa mbali, majina ndiyo itamurudisha."

Nikamjibu kwamba bibi ana wasiwasi wa bure. Sikumwambia kwamba nimeshaomba kazi Mwanza. Bibi naye sijamwambia.

Neema amelala kifudifudi. Nimeipapasa misuko yake, mmoja mmoja. Sijui hata mmoja umebeba jina gani.